Mama Neema Alivyolaani Mtini Wangu

Kabla mtu mwingine anitumie namba ya mchungaji wake wacha nieleze hii maneno ya mtini venye ilikuwa, juu hapa Kiamunyi, Nakuru, stori imezunguka mpaka ikaota pembe na mkia, juzi niko kwa matatu natoka tauni nikaskia wamama wawili kiti ya mbele wakisema kuna jamaa huku juu anafuga majini kwa mti. Jamaa ni mimi. Majini hakuna, kuna tini.

Watu wengi huku tini wanaijua kwa Biblia tu, ama ile ya kukaushwa ya pakiti inauzwa bei ya nyama. Ukisema una mtini nyumbani mtu anakuuliza kama ni ule Zakayo alipanda. Ule ulikuwa mkuyu. Ni ndugu sawa, mkuyu na mugumo na mtini zote ni ukoo mmoja, lakini pasua tunda la mkuyu uone wadudu wenye wanatoka na njaa yako itaisha yenyewe. Tini ya kula ni kitu ingine kabisa, na iko na aina mamia, kila moja na utamu wake, na hapo ndo mimi nilipotelea.

Nilianza na Brown Turkey juu ndo rahisi kupata. Unakata kijiti kimekomaa unene wa kidole, unachomeka kwa ndoo ya rangi ya lita 20 umetoboa chini, mchanga, mbolea ya ng'ombe imeoza vizuri, basi. Haina maringo. Utamu wake ni wa wastani, mimi naiita tini ya wageni wa kawaida. Halafu nikapata Black Mission, nyeusi ya zambarau, ndani pinki, hiyo ukiionja unanyamaza kwanza. Jina ilipata kutoka kwa misheni za mapadri wa Kihispania huko California. Halafu Kadota, hiyo inaiva ikiwa bado kijani-kijani inaelekea manjano, mtu hajui anaiacha akidhani ni mbichi, kumbe ndani ni asali tupu. Mama Shiku kila akiona ndoo mpya anauliza, "Baba Shiku, kwani sukuma tutapanda wapi, kwa paa?"

Ya nne niliuziwa na jamaa wa miche kando ya barabara. Haikuwa na jina. Alisema ni "tini ya Uturuki, zile kubwa kubwa," na sura yake ilikuwa ya mtu mwaminifu sana. Nikaipanda chini kwenye udongo, karibu na fensi ya mabati ya Mama Neema, mahali kuna jua mchana kutwa. Ikapanda juu haraka, majani makubwa, mpaka nikaanza kuiongelesha.

Sasa shida ya tini ni ndege. Kuna wale wa kijivu wenye mkia mrefu na kishungi kichwani, wanakuja kikundi, wananing'inia kichwa chini miguu juu, na wanajua siku ya kuiva kukushinda. Na huwezi kuchuma mapema uiivishe ndani ya nyumba kama parachichi, tini ukiitoa mbichi inabaki mbichi mpaka ioze. Lazima ungoje shingo ilegee, tunda liiname, ngozi ianze kupasuka mistari, na pale chini kwa kijicho, kale katundu kadogo kwa kitako cha tini, utokee utone wa asali. Siku hiyo ndo yako, kesho yake ni ya ndege.

Dawa ni kuvalisha kila tunda kamfuko. Mimi kamfuko sina, lakini Mama Shiku alikuwa na stokingi zimetoboka, nyeusi, za kahawia, moja nyekundu sijui ilikuwa ya harusi gani. Nikazikata vipande, nikavalisha tini zangu nikafunga na uzi. Stokingi zikaisha. Shiku, ni wa darasa la tatu na roho yake ni ya kusaidia, akaenda akaleta soksi zake zote za utotoni, akafunga zilizofika, halafu akatafuta zingine mahali anajua yeye, akamalizia ule mti wa fensi ambao matunda yalikuwa bado kama bano. Jioni upepo wa Menengai ukivuma hapo, mti mzima unapunga vijisoksi. Mimi niliona kazi safi. Sikuwahi kwenda upande ule mwingine wa mabati nikaangalia kutoka huko.

Sasa kuonja. Shemeji yangu alikuwa amekuja kutoka Molo na yeye ni mbishi, akasema Black Mission ndo tamu juu ni nyeusi. Nikamwambia hapo unaonja na macho. Watu wengi hufanya hivyo, wanaona rangi imekolea wanaamua ni tamu kabla ifike mdomoni. Tukakubaliana wote wafungwe macho, mimi nagawa, kila mtu anasema namba gani ni kali, Shiku anaandika kwa kitabu. Vitambaa vya kufunga macho Mama Shiku akatoa vilemba vyake vyeupe vya kanisa juu ndo vilikuwa vimefuliwa. Tukatandika mkeka nje chini ya mti, jioni, hewa safi.

Stima ikapotea.

Kwani tuache? Tini zimeshachumwa, zimeoshwa, ziko kwa sahani. Nikaleta mishumaa. Kwa hivyo wewe fikiria tu picha: giza, mishumaa, watu wazima wamepiga magoti kwa mkeka na vitambaa vyeupe usoni, mti juu yao umefungwa soksi za watoto, na mimi nimesimama katikati nashika kidevu cha mtu mmoja mmoja nikimwekea kitu mdomoni nikisema kwa sauti ya chini, "Hii ni ya kwanza. Usimeze haraka. Wacha ikuingie." Na wao wanajibu, "Mmmmh." Halafu maji kidogo ya kusuuza. Halafu, "Hii ni ya pili."

Kadota ilikuwa inashinda, na hiyo ningependa iandikwe mahali, juu shemeji mwenyewe aliichagua akifikiri ni Black Mission na mpaka leo anakataa. Lakini Shiku aliona mti wake wa soksi haujawakilishwa. Akachuma moja mbichi, kijani, ngumu, akaipenyeza kwa sahani. Mimi gizani nikaichukua nikampa shemeji.

Tini mbichi iko na maziwa meupe. Hayo maziwa ukishika na mkono halafu uende juani ngozi inaweza kuchomeka mpaka itoe malengelenge, kwa hivyo usiulize yakigusa mdomo ni aje. Shemeji alitafuna mara ya kwanza akatulia. Mara ya pili akaruka. "Inachoma! Inachoma! Ni nini hii mmenipa!" Na mimi nikidhani ni ubishi wake tu, nikamshika mabega nikamwambia, "Vumilia ndugu, wengine wote wamemeza." Akaanza kutambaa kwa mkeka akitafuta maji na kitambaa bado kiko usoni, akaangusha mshumaa, Mama Shiku akapiga nduru, na kutoka upande wa pili wa mabati nikaskia sauti ya mama mtu mzima ikisema, polepole, "Shindwa."

Jumapili, watu wakitoka kanisani, geti ikabishwa. Mama Neema, wamama wawili wa maombi na chupa ya mafuta, na Mzee wa nyumba kumi ambaye uso wake ulionyesha alikuwa ametolewa kwa chai. Tukasalimiana vizuri. Tukaulizana habari za watoto. Halafu Mama Neema akaenda moja kwa moja kwa ule mti, akanyosha mkono, akashika soksi moja ya manjano yenye bata.

"Baba Shiku. Hii soksi ni ya mjukuu wangu."

Na ilikuwa yake. Upepo uliipeperusha kutoka kwa kamba, Shiku akaiokota, ikapata kazi.

"Mtoto amekuwa na homa tangu Jumatano," akasema.

Sasa hapo utajitetea na nini? Nikaanza kueleza mambo ya ndege. Nikaeleza kijicho na utone wa asali. Kila nikieleza nikaona inakaa mbaya zaidi, juu Mzee akaniuliza, "Na kufunga watu macho?" nikamwambia ni ndo wasione wanachokula, na wale wamama wawili wakarudi nyuma hatua.

Ikabidi nilete ushahidi. Nikatoa sahani, Kadota zilizobaki. Mzee akasema yeye kama kiongozi itabidi aonje ndo aandike ripoti sawa. Akaonja. Akaonja tena. Akasema kesi ni ngumu, inahitaji kuangaliwa pande zote. Kufikia mahali anasema hii haionekani kama uchawi, ushahidi wote ulikuwa umeisha na alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini kama naweza mkatia kijiti.

Lakini Mama Neema hakuwa anatafuta ripoti. Akaweka mkono kwa shina la mti wa fensi, mafuta yakamwagwa, na akaomba maombi yenye sijawahi skia hata kwa kesha. Alianza Mwanzo na yale majani Adamu na Hawa walishona, akapita manabii wote, akafika Marko 11 pale Bwana alipata mtini hauna kitu, na hapo akapaza sauti: mti huu usimlishe mtu, na matunda yake yaanguke. Tukasema amina. Hata mimi, juu ni jirani, na maombi ni maombi. Soksi ya bata ikarudi kwao.

Na wiki hiyo hiyo matunda yakaanguka.

Sikudanganyi. Yakageuka manjano, yakanywea, ukigusa tawi yanadondoka ndani ya soksi zao, mengine na soksi yenyewe. Ule mti peke yake! Brown Turkey haikuguswa, Kadota iko sawa, Black Mission iko sawa. Mti wenye uliwekewa mkono ukamaliza kila kitu chini. Mtoto naye homa ikaisha. Watu wakaanza kupita kwa fensi wakipiga picha. Mpaka Mama Shiku, mtu nimemuoa, akaniuliza usiku kama kuna kitu ningetaka kumwambia.

Binamu yangu alisomea mambo ya matunda pale Egerton, nikamtumia picha. Akanipigia akicheka kwanza karibu kadi iishe. Akaniambia tini iko na maua, tena yako ndani ya tunda, huwezi kuyaona ukiwa nje. Zile aina zangu tatu zinaiva zenyewe bila kuchavushwa. Lakini kuna ukoo wa Smyrna, kutoka upande wa Izmir kule Uturuki, huo bila nyigu mmoja mdogo sana aingie kwa kijicho na chavua kutoka kwa mtini dume, matunda yanafika saizi ya bano yanaanguka yote. Dalili zote za mti wangu ni za huo ukoo. Akasema hata Wamarekani wa California waliuleta miaka ya 1880 wakalia vilevile, mashamba yanazaa, yanaangusha, na wakiambiwa habari ya nyigu wengine wakaona ni upuzi wa wazee wa kijiji, mpaka nyigu mwenyewe alipoletwa akakubali kukaa, 1899. Jamaa wa miche kumbe hakunidanganya, ilikuwa tini ya Uturuki kweli kweli. Angekuwa amedanganya kidogo ningekuwa nakula.

Nikaenda kwa Mama Neema na habari zangu za sayansi zimenijaa. Akanikaribisha, akanipa chai, akaniskiza mpaka mwisho bila kunikatiza, nyigu, chavua, California, yote.

"Kwa hivyo ikikosa nyigu inaangusha," akasema.

"Ndio mama."

"Na huyo nyigu, Baba Shiku, ni nani alimzuia asikuje Kiamunyi?"

Nilikunywa chai.

Saa hii sifa ya kulaani miti imeshamkaa Mama Neema. Mzee wa nyumba kumi ana vijiti vyake vitatu vya Kadota vimechipuka, na haruhusu mtu aongee vibaya juu ya mitini. Mimi ule mti nimeukata nusu, nimeupachika Kadota, naona imeshika. Na kuna landlodi hapa chini ako na bluugamu imeinua ukuta wake mpaka ukapasuka, kuikata ni pesa, akamwita Mama Neema aje aombe. Akaenda na wamama wake, wakaomba asubuhi mpaka saa sita. Bluugamu iko pale, tena imetoa majani mapya. Landlodi akamuuliza mbona, na Mama Neema akamwambia yeye alipewa mitini, Marko 11 haina bluugamu mahali popote, atafute mtu wa pawa so.