Sauti ya Ng'weno nyumbani kwa babu

Hilary Ng'weno hakusomea historia. Alikwenda Harvard kusoma fizikia, akarudi akaangukia magazetini, na katika miaka ya sitini tayari alikuwa mhariri mkuu wa Daily Nation, Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti hicho. Februari 1975 akaanzisha The Weekly Review. Gazeti lilikuwa halijatimiza hata miezi miwili mbunge J. M. Kariuki alipouawa. Kwa hiyo alipokuja kutusimulia historia ya Kenya katika kipindi chake cha runinga, uzeeni, hakuwa mtu wa kusomewa mambo na wengine. Mengi aliyapitisha mezani kwake yakiwa bado ya moto.

Nampendea utulivu. Alitamka "aliuawa" kwa sauti ileile ya "aliteuliwa", nawe ukabaki na kazi ya kushtuka mwenyewe. Siku hizi ukifungua simu utakuta kifo cha Tom Mboya, waziri aliyeuawa 1969, kinasimuliwa kwa ngoma na mayowe kama tangazo la mieleka. Sitaki hata kuwataja.

Lakini nina lalamiko, na nimelibeba tangu nilipomwekea babu yangu, hapa Manyatta, Kisumu, sehemu inayohusu Odinga na KPU, chama chake cha upinzani. Kiingereza kitupu. Babu alifanya kazi bandarini miaka mingi, na huko lugha ilikuwa Kiswahili. Kiingereza chake ni cha salamu na mshahara. Nikawa mkalimani.

Siku yenyewe anaijua kuliko mimi: Oktoba 25, 1969, Kenyatta amekuja kufungua hospitali ambayo sisi mpaka leo tunaiita Russia, kwa vile Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga. Yeye na Odinga wakarushiana maneno mbele ya umati, mawe yakaruka, walinzi wakafyatua risasi. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Odinga akawa kizuizini.

"Amesema risasi zilifika wapi?" babu akauliza.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa bado nahangaika na sentensi iliyotangulia, na Ng'weno alishasonga mbele.

"Rudisha."

Nikarudisha. Akauliza tena, akanikatiza, akamkatiza na Ng'weno. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akitaka kufundishwa. Alitaka kubishana na mzee mwenzake, na katikati yao nimesimama mimi, mkalimani mbovu. Kwa Kiswahili wangeelewana bila mimi. Kituo gani kingeshindwa kumlipa mtu wa kuingiza sauti ya pili? Tamthilia za Wafilipino na Wameksiko tunatafsiriwa, tena kila jioni.

Mwishowe babu alinyamazisha runinga, picha zikaendelea kupita kimya.

"Zilifika barabara ya Ahero, nyakwara, mjukuu wangu. Mimi nilikuwa kwa baiskeli."

Nikatoa simu nikabonyeza kurekodi. Nina dakika kumi na moja, na karibu tatu za mwisho ni honi za matatu.