Paa tupu au taa juu? Vimulimuli vya magari ya polisi Marekani

Wanaotetea gari la doria lenye paa tupu, yaani lisilo na vimulimuli juu, wana hoja. Kwenye barabara kuu za Marekani, dereva mwenye haraka hutupia jicho kioo cha kati akitafuta umbo moja tu, ule mstari wa taa juu ya paa. Asipouona hapunguzi mwendo, na askari humpima bila kushtukiwa. Taa za paani pia hukamata upepo: mafuta huliwa zaidi, kasi ya juu hushuka, na ndani ya gari kunakuwa na mluzi usiokwisha. Tena paa likiachwa tupu fundi halitoboi, kwa hiyo hakuna tundu la kuja kuvujisha maji.

Gharama yake huonekana gari likisimama. Vimulimuli vilivyoondolewa paani huhamia nyuma ya kioo cha mbele, kwenye grili na kwenye kioo cha nyuma, na kila mahali pana kasoro yake. Kioo hula mwanga, hasa kile cheusi cha nyuma. Mpira unaoziba nafasi kati ya taa na kioo usipokaa sawasawa, usiku mwanga humrudia askari machoni. Nguzo za pembeni mwa kioo cha mbele hukata mwanga wa ubavuni, kwa hiyo kwenye njia panda pua ya gari hutokeza kabla anayekuja kutoka kando hajaona kitu. Dawa ni taa ndogo kwenye madigadi za mbele, saitimira au ubavuni mwa bampa, zikielekezwa nje kwa nyuzi 45 hadi 90. Za grili, nazo, hufichwa na gari dogo lolote lililo karibu mbele yake. Za paani hupita juu yake.

Kibaya zaidi ni mlango wa nyuma. Magari mengi ya doria siku hizi ni ya umbo la Ford Explorer, lenye mlango wa nyuma unaoinuka pamoja na kioo chake. Mlango ukiinuliwa ili kutoa koni, taa zilizofungwa kwenye kioo chake hutazama angani, na ndio wakati askari ameinama barabarani. Lazima kuwe na taa za pili kwenye ukingo wa ndani wa mlango, zenye swichi ya kuziwasha unapofunguka.

Lakini za paani nazo zina lawama. LED za sasa hupofusha usiku, na askari aliyesimama kando ya gari humezwa na mwako wake. Kuongeza taa hakusaidii. Kinachotakiwa ni kupunguza ukali wake usiku na kuzipa mwako wa polepole. Bluu huonekana vyema zaidi gizani, nyekundu hufaa mchana, hivyo kuzichanganya kuna maana pale sheria ya jimbo inaporuhusu. California inadai walau taa moja nyekundu ya mbele isiyopepesa, ionekane kutoka futi 1,000, yaani kama mita 300. Kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa, hizo ni sekunde 10 tu.

Kwa maoni yetu, paa tupu liachiwe magari ya kunasa mwendokasi. Gari la kuziba njia kwenye ajali liwe na taa juu. Polisi wa jimbo la Michigan hubeba paani taa moja nyekundu ya duara, na hiyo moja huonekana pande zote. Kabla ya kukabidhi gari, fundi alizunguke kwa umbali wa mita 30, mlango wa nyuma ukiwa wazi, macho yake yakiwa mita 1.1 kutoka ardhini kama ya dereva aliyeketi, adhuhuri na tena usiku. Kwenye paa tupu, pengo la mwanga la kutafuta kwanza liko ubavuni, usawa wa milango ya mbele.