Bei ya jiwe ghafi: kabla ya kumwita mnunuzi mwizi

Miongoni mwa wachimbaji wadogo wa Ruangwa kuna hoja inayorudiwa kila msimu: almasi ya mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ina vipimo vinavyojulikana dunia nzima, ganeti, kito chetu cha kijani cha Namungo, haina, ndiyo maana tunapunjwa. Leteni vipimo vya almasi huku Lindi, wanasema, na madalali watashika adabu.

Ninawaelewa. Mtu wa kusini akimwona mnunuzi kashika kipimo anakumbuka kangomba, lile bakuli la korosho linalopakuliwa hadi kuzidi kilo na kulipwa kama kilo moja. Stakabadhi ghalani, mfumo wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ilipoanza Mtwara msimu wa 2007/2008, shabaha yake mojawapo ilikuwa kumwokoa mkulima na ulaji wa aina hiyo. Shaka yetu ina historia.

Lakini vipimo vya almasi vinabebeshwa mzigo ambao havikuumbiwa. Viko vinne. Uzito ni kwa karati, na karati moja ni gramu 0.2. Rangi hupangwa kwa herufi, kuanzia D kwa almasi isiyo na rangi kabisa hadi Z kwa yenye umanjano wa kuonekana. Usafi wa ndani hutazamwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Cha nne ni ukataji, yaani jinsi nyuso za jiwe zilivyopangwa ili mwanga uingie na kurudi machoni. Kwenye herufi hizo, rangi kidogo inapunguza thamani. Kwenye ganeti ya kijani, rangi ndiyo thamani yenyewe. Hapo tu kipimo cha D hadi Z kimeshagonga mwamba.

La pili ni zito zaidi. Cheti cha maabara kinaeleza ubora na hakitaji bei, tena vipimo hivyo vinne hupewa almasi iliyokwisha kukatwa. Almasi ghafi haina karatasi ya namna hiyo. Wathamini wake huichambua katika mafungu maelfu kwa ukubwa, umbo, rangi na usafi, kisha wanakadiria kitakachotoka ndani. Kumbukeni Septemba 2017, mzigo wa almasi za Mwadui uliokuwa ukienda Antwerp, Ubelgiji, ulipozuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Nyaraka zilionyesha thamani ya karibu dola milioni 14.8, serikali ikasema ni dola milioni 29.5. Kampuni ya mgodi ikajibu kwamba thamani ya awali hupangwa na wathamini wa serikali wenyewe. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Ninachotaka msomaji wa Ruangwa akione ni kwamba hata kwenye almasi, jiwe lenye vipimo kuliko yote, mawe yaleyale yalitajiwa bei mbili, moja karibu maradufu ya nyingine.

Chanzo cha ugumu huu ni gurudumu la mkataji. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5. Ilipokwisha kukatwa zilibaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe lile mashuhuri ilipotea mezani. Cullinan ya Afrika Kusini, karati zaidi ya 3,100 ilipochimbwa mwaka 1905, ilitoa mawe makubwa 9 ambayo kwa jumla yake ni karati 1,055 na ushei. Theluthi moja tu. Na hao walikuwa mafundi bora wa zama zao.

Sasa tushuke hadi kwa kijana wa Namungo mwenye ganeti ya gramu 1, yaani karati 5. Kwenye simu ameona bei ya karati moja iliyokatwa, akazidisha kwa 5, na mnunuzi alipomtajia bei yake alitaka kulia. Tuchukue tarakimu za mfano tu. Jiwe likibakiza asilimia 30, linatoka la karati 1.5, kwa shilingi 600,000 kila karati, ni 900,000. Likiwa na ufa katikati ambao udongo umeuficha, yatatoka mawili ya karati 0.6. Mawe madogo hayalipwi bei ya karati ya mawe makubwa, kwa hiyo tuseme 250,000 kwa karati: jumla ni 300,000. Ufa mmoja umekula theluthi mbili za pesa. Mnunuzi anayelipa leo haujui ufa ule, na ukijitokeza hatarudi Namungo kudai.

Wakulima wa korosho wangeelewa haraka. Korosho ghafi nazo hazilingani na kiini kitakachotoka. Zinahitajika kilo nne hivi kupata kilo moja. Ila ghalani sampuli hupasuliwa, watu wakaona kiini kabla ya mnada. Ganeti huwezi kuipasua uone. Tofauti ya bei kati ya shimoni na dukani kwa sehemu kubwa ni malipo ya kutojua huko, na anayeyalipia ni huyo tunayemwita mwizi.

Wapo wezi kweli, nao nimewaona wakifanya biashara gizani kwa tochi ya simu. Hata hivyo, mchimbaji anaumizwa zaidi na deni. Aliyemlisha shimoni na kumnunulia dizeli ndiye anayelitazama jiwe wa kwanza, na mara nyingi wa mwisho. Hakuna kipimo cha rangi kitakachoivunja kamba hiyo. Masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019, pamoja na kuondolewa kwa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo, yanaweza kuilegeza, kwa sababu jiwe linaonwa na wanunuzi kadhaa mchana kweupe.

Mimi ningemdai mnunuzi jambo moja: anaposhusha bei kwa sababu ya ufa, ampe mchimbaji lenzi ya mara 10 na taa nyeupe auone ufa wenyewe. Na Halmashauri ningeiomba iwapeleke vijana wachache Kituo cha Jemolojia Arusha wakajifunze kukata. Aliyekwisha kuona gramu yake ikigeuka karati moja na nusu mikononi mwake atajua lini anapunjwa, na lini hapunjwi.