Trela ya dola elfu 40 inavuja mvua ya kwanza, kweli?

Mwezi wa tano mshkaji wangu kanunua trela mpya, ile nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na pikapu, dola elfu 40 na kitu, kampuni siitaji. Nzuri aisee, jiko, friji, choo, watoto wanarukaruka tu mle ndani. Wiki ya tatu mvua ikapiga usiku kucha, asubuhi ananiambia hebu bonyeza hapa chini ya dirisha, nikaweka kidole gumba ukuta ukabonyea kama mkate uliochovywa chai. Tukapanda juu, kumbe silikoni pembeni ya ruufu imepakwa nusu halafu mtu kaacha, yani kama kaitwa na trela inayofuata.

Na mi naamini kaitwa kweli.

Mi naishi Indiana na RV (ndo hizi nyumba za magurudumu) nyingi za Marekani zinatengenezwa hukuhuku, Elkhart na vimji vya jirani. Ukienda yadi wanakoziuza unakuta majina kibao ubavuni ila ukifuatilia wenyewe unaishia kwa wakubwa watatu, Thor, Forest River na Winnebago. Sasa viwanda vingi vya huku hawalipi kwa saa, wanalipa kwa idadi ya trela zilizotoka siku hiyo. Kwetu ndo ngwe hiyo, kama kwenye mkonge, ukimaliza yako unasepa. Watu wanaingia alfajiri, mchana mapema paking ishakuwa tupu. Katikati hapo ni mbio tu, chesisi inaingia, sakafu, makabati na choo vinafungwa hata kabla ya kuta, kisha kuta, ruufu, silikoni, toa, lete ingine, na karibu kila kitu ni mikono ya watu. (Wengi wao ni Waamish, watu ambao dini yao hairuhusu kumiliki gari, ila gari la kulala wanakutengenezea.)

Siwalaumu mafundi hata kidogo. Dakika tano za kumalizia silikoni ni hela yako na ya wenzako wote kwenye laini, nani atasimama? Ila mabosi nao wanajua biashara hii inapanda na kushuka kama homa, 2009 karibu mtu mmoja kati ya watano Elkhart hakuwa na kazi mpaka Obama akaja kuwaona mwezi wa pili hajamaliza hata mwezi ikulu, halafu korona ikaja kila mtu anataka kulala porini, 2021 viwanda vya RV vyote kwa ujumla, sio Elkhart tu, vikatoa zaidi ya 600,000, 2023 zikarudi kama 313,000. Ndo maana naona hawana haraka ya kununua mashine za maana wala kumfundisha mtu miaka miwili, wanataka watu wa kuajiri leo na kuwaacha kesho.

Mi nimekulia Arusha, jirani yetu alikuwa na gereji ya kurefusha Land Cruiser za watalii, wanakata chesisi, wanachomelea, wanaweka ruufu ya kuinua. Gari haikutoka pale bila kufunguliwa mpira wa maji juu nusu saa, kijana kakaa ndani na tochi anaangalia tone. Sio kwamba yule mzee alikuwa malaika, hapana, alijua mwenye gari anakaa Njiro, palepale Arusha, na ikivuja Serengeti na Wazungu ndani, Jumatatu asubuhi yuko getini anatukana. Mpakaji wa Elkhart nani atamfuata?

Mshkaji kapiga simu yadi, wakamwambia piga kiwandani, kiwandani wakasema dirisha sio letu tunanunua kwa mtu, rudi yadi. Yadi wamempa nafasi mwezi wa tisa. Saa hizi trela imefunikwa turubai la bluu, kafunga na kamba, na mkopo wa benki unakatwa kila tarehe 3.