Msiwanyofoe Ndege Kitabuni

Duka lilikuwa London, na droo ile ilijaa ndege. Muuzaji aliivuta taratibu akanionyesha karatasi moja baada ya nyingine, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki, bei imeandikwa kwa penseli. Juu kabisa walikuwa kasuku wa Carolina: mwili kijani, kichwa njano, uso wa rangi ya chungwa, wamening'inia kwenye mmea wenye matunda ya miiba. Niliinua karatasi kwenye mwanga nikaona vitundu vya uzi ukingoni. Nikauliza kitabu chenyewe kiko wapi. Akanijibu kwamba mgongo wake ulikuwa umevunjika, kilikuwa kimekwisha.

Hakikuwa kimekwisha. Kilimalizwa.

Biashara hii naielewa. Kitabu kizima cha ndege kinahitaji tajiri mmoja, lakini kikikatwa kinapata wateja mia, kila mmoja na ukuta wake. Kikishapungukiwa kurasa mbili tatu thamani yake inaporomoka, na hapo wembe hutolewa. Wanaoutetea wembe huo hupenda kumtaja John James Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani aliyewachora kasuku wale. Wanasema kati ya 1827 na 1838 yeye mwenyewe aliuza picha zake 435, kwenye karatasi zinazokaribia urefu wa mita moja, tano tano, bila kufungwa kuwa kitabu. Ni kweli. Lakini walionunua walizipeleka kwa mfunga vitabu wakatengenezewa majuzuu. Walijua wananunua kitabu.

Tena picha za droo ile hazikutoka kwenye chapa hiyo kubwa. Zilitoka kwenye chapa ndogo ya 1840 hadi 1844, juzuu saba zenye picha 500, zilizochorwa juu ya jiwe na kuchapwa kutoka kwenye jiwe hilo, kisha zikapakwa rangi kwa mkono, moja moja. Humo Audubon aliweka maelezo ya kila ndege pamoja na picha yake. Ukinyofoa picha, maelezo yanabaki bila mwenyewe, na mara nyingi hutupwa.

Hapo ndipo ninapoumia. Kuhusu kasuku wa Carolina aliandika kwamba wakulima waliwapiga risasi kwa sababu ya nafaka, na kwamba kundi likishambuliwa, walionusurika waliruka wakizunguka huku wakipiga kelele, kisha wakatua palepale penye hatari. Aliona tayari kwamba wanapungua upesi. Mmoja wa mwisho wanaojulikana alikufa mwaka 1918 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani. Mwenye picha ukutani ana kasuku wazuri. Mwenye kitabu anajua waliishaje.

Wengine hujitetea kwamba vitu hivi lazima viwe adimu ndipo vithaminiwe. Adimu haihitaji wembe. Edward Lear, kijana aliyewachora kasuku wakiwa hai huko London, alichapa nakala 175 tu za kitabu chake kisha akafuta michoro kwenye mawe. Alizuia nakala mpya, hakuzikata zilizokwisha kutoka.

Ninakusanya kwa uwezo mdogo, kwa hiyo ninanunua vilivyoumia. Nina juzuu moja ya Audubon ya chapa ile ndogo. Nilijinyima kwa muda mrefu kuipata, na nilifanya haraka kwa sababu jalada la mbele lilikuwa limeachia na nilijua mnunuzi mwingine angeifanya nini. Kabla ya kulipa nilihesabu picha, kama anavyopaswa kufanya kila mkusanyaji. Moja haikuwepo, na ni ileile ya kasuku wa Carolina. Palikuwa na ukanda mwembamba wa karatasi karibu na mshono, umekatwa sawasawa.

Lakini picha ilikaa hapo miaka mingi, imebanwa. Kwenye ukurasa wa maelezo unaoikabili, juu ya maneno yenyewe, wino wake umeacha kivuli cha kahawia: tawi, mkia mrefu, mdomo uliopinda. Ninausoma ukurasa huo kupitia mwili wa ndege.