Fidia isiachwe nyuma

Habari hii ya wanafunzi wa Uganda, Rwanda na Afrika Kusini waliojadiliana mtandaoni kuhusu maridhiano na usawa wa kijamii inatia moyo, ila suala la fidia limeguswa juu juu. Katika mato oput, tambiko la upatanisho la Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, koo mbili hazinywi ile dawa chungu ya mizizi katika kibuyu kimoja kabla ukoo wa muuaji haujakiri kosa na kukubali kulipa. Anayeruka hatua hiyo, kwa maoni yangu, hajapatanisha mtu. Mnamo Februari 2024 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliamuru waathiriwa wa Dominic Ongwen, aliyekuwa kamanda wa kundi la waasi la LRA la Uganda, walipwe fidia ya takriban yuro milioni 52, zikiwemo yuro 750 kwa kila mmoja, lakini kwa kuwa mfungwa huyo hana mali, mzigo umeuangukia Mfuko wa Waathiriwa, ambao hutegemea michango ya hiari. Waandaaji wangewaalika pia vijana wa Odek, Lukodi na Abok, kaskazini mwa Uganda, ambako kambi za wakimbizi wa ndani zilishambuliwa na LRA mwaka 2004. Ikiwa kilichowazuia vijana hao kushiriki ni bei ya bando, jambo ambalo mwandishi hakulitaja, basi usawa wenyewe ungeanzia hapo.