Mtihani wa mdomo wa anestezia hausomewi kimya

Asistanti wengi (madaktari wanaosomea ubingwa) wa anestezia, yaani dawa ya usingizi na ganzi, huko Lubumbashi, Bukavu na Goma wanajiandaa kwa mtihani wa mdomo kama kwa ule wa kuandika: kitabu mezani, kalamu mkononi, mdomo umefungwa. Kwangu hilo ndilo kosa la kwanza. Juri, yaani watahini, inataka kusikia kama unayoyajua yanatoka kwa mpangilio ambao ungemfaa mgonjwa aliyelala mezani.

Chukua sezariene, upasuaji wa kumtoa mtoto. Mama amechomwa sindano ya mgongo, ile rashi yetu ya kila siku inayotia ganzi sehemu ya chini ya mwili, kwa dawa ya ganzi bupivakaini nzito ya 0.5%. Dakika 3 baadaye namba ya juu ya tansio (presha ya damu) imetoka 120 hadi 70, na anasikia kichefuchefu. Aliyesoma kimya huanza kueleza neva za simpathetiki na mishipa iliyolegea. Ni kweli yote, ila kipindi anaeleza, mtoto tumboni anakosa damu. Anza na mikono: sukuma tumbo la uzazi upande wa kushoto au inamisha meza, fungua serumu (maji ya mshipa) ikimbie, choma dawa ya kupandisha tansio: efedrini 5 hadi 10 mg kwenye mshipa, au fenilefrini mikrogramu 50 hadi 100 kama ipo. Mapigo ya moyo yakiwa tayari chini, chagua efedrini, kwa sababu fenilefrini itayashusha zaidi. Halafu muulize mama kama vidole vyake vinakaza na kama anavuta pumzi vizuri. Mkono ukilegea na sauti ikififia, dawa imepanda juu mno, na sasa kazi ni njia ya hewa.

Juri haitakuachia hapo. "Na kama tansio haipandi?" Adrenalini, mikrogramu 10. "Unazipataje?" Ampuli ya mg 1 ndani ya ml 100 za serumu ya chumvi, kila ml ina mikrogramu 10. Wengi huanguka kwenye hesabu hii ndogo, si kwenye farmakolojia.

Usijibu kwa namba za pwani pia. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, presha ya hewa ni kama mmHg 640. Toa 47 ya mvuke wa maji, zidisha kwa 0.21: presha ya oksijeni inayovutwa ni karibu 125, wakati usawa wa bahari ni 150. Kwa hiyo mgonjwa anayevuta hewa ya kawaida anaanza na akiba ndogo, na akiacha kupumua, saturesheni (kiwango cha oksijeni kwenye damu) inaporomoka mapema. Sema wazi: maski iliyokaza vizuri, oksijeni dakika 3 kabla ya kumlaza usingizi. Ukitaja konsentreta, mashine ya umeme ya kutoa oksijeni, ujue swali linalofuata: kuran (umeme) ikikatika? Mtungi uliojaa ukutani, Ambu (mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa) mkononi, ketamini ya kumlaza kwenye sirinji. Ajabu ni kwamba yanayofanyika bloku (chumba cha upasuaji) kila wiki ndiyo watahiniwa wanaona aibu kuyataja, kana kwamba ketamini ni dawa ya maskini.

Fanyeni mazoezi watu watatu: mmoja anauliza, mmoja anajibu, wa tatu ameshika saa na kalamu. Nchini Marekani kila kipindi cha mtihani huo ni dakika 35, kipimo kizuri cha kuiga. Jibuni kwa Kifaransa, maana kesi tunazijadili koridoni kwa Kiswahili na siku ya juri maneno yanachelewa. Rekodini kwa simu. Mkisikia "tutampa dawa ya kupandisha tansio" bila jina wala kipimo, rudieni. Na muulizaji akikunja uso na kusema "una uhakika?", jifunzeni kutobadilisha jibu kwa woga, toeni sababu, badilisheni tu kama sababu haipo.

Wiki ya mwisho weka vitabu pembeni, piga hesabu ya vipimo kichwani kwa uzito wa aina tatu: kilo 12, 60 na 90. Wa kilo 12 ndiye anayesumbua. Atropini mikrogramu 20 kwa kilo: 240. Adrenalini moyo ukisimama, mikrogramu 10 kwa kilo: 120. Ketamini ya mshipa, mg 1 hadi 2 kwa kilo: mg 12 hadi 24. Yaseme kwa sauti, bila kalkuleta.